Nyama Nusu Kilo kwa Watu Kumi: Soseji na Mkate wa Sikukuu



Krismasi ya huku kwetu Ihanda huja wakati mgumu. Fedha za kahawa zilikwisha siku nyingi. Mwezi wa Desemba mvua imeshika, mahindi yako shambani, na mbolea imemeza akiba iliyobaki. Hapo ndipo wageni nao wanapofika: ndugu kutoka Tunduma, mashemeji kutoka Mbeya, na wajukuu wenye njaa ya safari. Kila mmoja anatazamia nyama. Mama wa nyumba ana nusu kilo mkononi, na watu kumi wamekaa wanangoja. Atafanya nini?

Katika ukurasa huu tunaeleza chakula kimoja kinachojibu swali hilo. Ni mchanganyiko wa nyama ya soseji na mkate mkavu. Unashibisha, una ladha ya sikukuu, na hauhitaji jiko la umeme. Lakini hatuwezi kueleza upishi wake peke yake. Nyama inayotumika zaidi ni ya nguruwe, na nyama ya nguruwe ikishasagwa huweza kuficha ugonjwa. Wilayani kwetu Mbozi jambo hili si hadithi. Kwa hiyo tutaeleza mapishi na kinga kwa pamoja, maana mikono inayokanda nyama ndiyo hiyo hiyo inayolinda nyumba.

CHAKULA HIKI KIMETOKA WAPI?

Soseji ni nyama iliyokatwakatwa au kusagwa, ikatiwa chumvi na viungo. Mara nyingi hutiwa ndani ya utumbo uliosafishwa, lakini si lazima. Waitaliano ni mabingwa wa chakula hiki. Kiungo kinachoitambulisha soseji yao moja inayopendwa sana ni mbegu za shamari. Mbegu hizi hufanana na binzari nyembamba, ila ni nene kidogo, zina rangi ya kijani, na harufu yake ni tamu.

Kati ya mwaka 1880 na 1924, Waitaliano zaidi ya milioni nne walihamia Marekani. Walikwenda kutafuta kazi, nao wakachukua mapishi yao. Huko Marekani waliwakuta watu wenye desturi ya kuchanganya mkate mkavu, vitunguu na supu, kisha kuujaza mchanganyiko huo ndani ya ndege wa sikukuu, hasa bata mzinga. Familia za Kiitaliano ziliongeza soseji yao humo. Mpaka leo chakula hicho huliwa na wengi huko wakati wa sikukuu ya kushukuru, Alhamisi ya nne ya Novemba, na wakati wa Krismasi.

Waitaliano si wageni kabisa huku kwetu. Bomba la mafuta la TAZAMA, linalotoka Dar es Salaam mpaka Ndola nchini Zambia, lilijengwa na kampuni ya Kiitaliano likakamilika mwaka 1968. Bomba hilo linapita katika nyanda hizi hizi za kusini. Hatusemi kwamba mafundi wale walitufundisha soseji. Tunasema tu kwamba kitu cha mbali kikieleweka vizuri huweza kutumika nyumbani. Sisi tuna nguruwe, tuna kuku, tuna vitunguu, na mkate unauzwa karibu kila duka. Kinachokosekana ni maarifa ya kuviunganisha.

HESABU YA SAHANI

Tuanze na hesabu, maana mama anayepanga chakula ni mhasibu.

Ukikaanga nusu kilo ya nyama ukawagawia watu kumi, kila mtu atapata gramu 50. Hiyo ni vipande viwili au vitatu vidogo, na nyama ikiiva hupungua tena. Wengine watanung'unika.

Sasa chukua nyama hiyo hiyo, gramu 500. Ongeza mkate mmoja wa gramu 400. Ongeza vitunguu na karoti, karibu gramu 300. Ongeza nusu lita ya supu na mayai mawili. Jumla ni zaidi ya kilo moja na nusu. Hata maji mengine yakipotea jikoni, kila mtu atapata kiasi cha gramu 150, kitu cha kujaza mkono. Kila tonge lina ladha ya nyama, kwa sababu mkate umenyonya mafuta na supu. Siri yote ni hiyo: mkate haukai kando ya nyama, bali unainywa ladha ya nyama.

Pembeni weka wali au ugali kidogo, maharage na mboga za majani. Hapo mgeni hawezi kusema hakula.

NUNUA KIPANDE, USINUNUE ILIYOSAGWA

Hili ndilo neno kubwa la makala hii. Nyama ya soseji ya sikukuu inunuliwe ikiwa kipande, kisha uikate mwenyewe nyumbani. Kwa nini?

Nguruwe huweza kuwa na mabuu ya mnyoo uitwao tegu. Mabuu hayo hukaa ndani ya nyama yakiwa kama vifuko vidogo vyeupe vyenye maji. Ukubwa wake ni kama punje ya mahindi mabichi au pungufu. Ndani ya kila kifuko kuna nukta nyeupe. Huonekana zaidi kwenye ulimi, moyo, bega na paja. Nyama ikiwa kipande na ukiikata polepole kwenye mwanga, utayaona. Nyama ikishasagwa na kutiwa pilipili huwezi kuyaona kamwe.

Wakati wa kununua, fanya hivi:

1. Nunua nyama iliyopimwa na mkaguzi wa nyama. Tafuta mhuri wake. Usione haya kuuliza. Fedha ni yako na afya ni yako.

2. Usinunue nyama ya kuchinjwa kichakani kwa sababu tu ni rahisi. Mara nyingi nyama huuzwa rahisi kwa kuwa imekimbia mkaguzi.

3. Ukifika nyumbani, kata vipande vyembamba na utazame kila upande. Ukiona vifuko vyeupe, usile, usiuze, wala usimtupie mbwa. Mwite afisa mifugo, yule ambaye wengi bado tunamwita Bwana Mifugo.

Lakini msomaji asidhani kwamba kuangalia kunatosha. Utafiti wa wataalamu wa mifugo uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima nguruwe wa wafugaji wadogo wa Mbozi na Mbeya Vijijini. Kwa kipimo cha damu, karibu nguruwe mmoja kati ya kila watatu alionyesha kuwa na mabuu hayo. Kwa kuangalia ulimi tu, waligunduliwa wachache zaidi. Maana yake ni kwamba jicho huona nyama iliyojaa mabuu, lakini huweza kupitwa na nyama yenye mabuu mawili au matatu. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni mkaguzi, ya pili ni jicho lako, na ya tatu ni moto. Moto ndio unaomaliza kazi.

TEGU NA KIFAFA

Tulipokuwa tukieleza habari hizi mbele ya kikundi cha akina mama na akina baba, mzee mmoja aliinua mkono. Akasema, "Mwalimu, mimi nguruwe simgusi kabisa. Habari za tegu zinanihusu nini?"

Tulimjibu, "Zinakuhusu, mzee wetu. Tena sana."

Tueleze hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza. Mtu anakula nyama ya nguruwe yenye mabuu, ambayo haikuiva. Buu linafika kwenye utumbo wake, linajishika, na linakua. Baada ya miezi kama miwili linakuwa tegu mzima, mnyoo bapa kama utepe, wenye urefu wa mita kadhaa. Mtu huyo huenda asijue. Labda tumbo linamsumbua kidogo, labda anaona vipande bapa vyeupe kwenye choo kikubwa.

Hatua ya pili. Tegu hutaga mayai kwa maelfu. Mayai hutoka na kinyesi. Ni madogo mno, hayaonekani kwa macho. Mtu huyo akijisaidia kichakani, nguruwe anayezurura hula kinyesi hicho. Mayai huanguliwa ndani ya nguruwe, na mabuu huingia kwenye nyama yake. Mzunguko unaanza upya.

Hatua ya tatu ndiyo ya hatari zaidi. Mayai hayo yakiingia kinywani mwa binadamu badala ya nguruwe, nayo huanguliwa. Mabuu husafiri kwenye damu na kukaa kwenye misuli, machoni, au kwenye ubongo. Yakikaa kwenye ubongo huweza kuleta maumivu makali ya kichwa na kifafa.

Sasa tazama vizuri. Nyama yenye mabuu humpa mlaji tegu wa tumboni. Mayai ya tegu humpa mtu mabuu ya kichwani. Na mayai hayo hayatoki kwenye nyama. Yanatoka kwa mtu mwenye tegu asiyenawa mikono baada ya kutoka chooni. Yanaweza kukaa kwenye kucha zake, yakaingia kwenye kachumbari, kwenye maji ya kunywa, au kwenye tunda la mtoto. Ndiyo maana hata asiyekula nguruwe maisha yake yote huweza kupata kifafa cha namna hii. Yule mzee alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni habari ya mikono!" Ndiyo, ni habari ya mikono.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mahali ambapo ugonjwa huu umezoeleka, watu wakiishi karibu na nguruwe wanaozurura, wagonjwa wa kifafa kama 30 katika kila 100 huhusika na mnyoo huyu. Kifafa kina sababu nyingine pia: kuumia kichwa, homa kali ya ubongo, matatizo wakati wa kuzaliwa. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo iliyo laana. Tena kifafa hakiambukizwi kwa mate wala povu la mgonjwa. Jamani, tuache kumkimbia ndugu yetu aanguka­po motoni eti tusiguse povu. Mtoe kwenye hatari, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu kinywani, na kaa naye mpaka apate fahamu. Kisha mpeleke kituo cha afya. Dawa zipo, na wengi wanaozitumia bila kukatiza huendelea na kazi zao.

Mwenye kuona vipande vya tegu kwenye choo naye aende kituo cha afya. Asinunue dawa dukani kwa kubahatisha. Kwa mtu ambaye tayari ana mabuu kichwani, baadhi ya dawa za tegu huweza kuamsha kifafa. Mhudumu wa afya ndiye anayejua dawa ipi imfae.

VITU VINAVYOHITAJIKA

Haya basi, turudi jikoni. Kipimo hiki ni cha watu kumi.

Kwa ajili ya soseji:
– Nyama ya nguruwe nusu kilo, hasa ya bega. Sehemu tatu ziwe mnofu na sehemu moja mafuta.
– Chumvi kijiko cha chai kimoja.
– Pilipili manga ya unga, nusu ya kijiko cha chai.
– Pilipili kali kavu kidogo, kwa kadiri mnavyopenda.
– Mbegu za shamari kijiko cha chai kimoja, zilizotwangwa kidogo. Ukizikosa, tumia nusu kijiko cha binzari nyembamba. Ladha itabadilika lakini itapendeza.
– Vitunguu saumu punje nne, zilizopondwa.
– Siki kijiko kikubwa kimoja.

Kwa ajili ya mkate:
– Mkate mmoja wa gramu 400, wa jana au juzi.
– Vitunguu maji viwili vikubwa.
– Karoti mbili na pilipili hoho moja.
– Majani ya giligilani, ambayo wengine huyaita kotimiri, fungu moja dogo.
– Mafuta ya alizeti au siagi, vijiko vikubwa vitatu.
– Supu ya mifupa au ya kuku, nusu lita.
– Mayai mawili ya kuku.

Juu ya mkate tuna neno. Mkate mkavu ni mzuri, maana hunyonya supu bila kuwa uji. Lakini mkate mkavu na mkate wenye ukungu ni vitu viwili. Ukiona madoa ya kijani au meusi, tupa mkate wote. Usikwangue ukatumia uliobaki, kwa kuwa ukungu huwa umeingia mpaka ndani ambako macho hayafiki.

Ukikosa mkate wa ngano, oka mkate wa unga wa mahindi. Hata Wamarekani wa majimbo ya kusini hutumia mkate wa mahindi kwa chakula hiki. Sisi wa Mbozi kwa mahindi hatuna wa kutufundisha.

NAMNA YA KUPIKA

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Safisha kucha. Hili si pambo la somo, ni sehemu ya mapishi.

2. Kata mkate vipande vya mraba, kila upande upana wa kidole gumba. Kwa kuwa Desemba ni mvua na jua la kuaminika hakuna, ukaushe kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo. Geuzageuza mpaka uwe mkavu na rangi ya dhahabu. Weka kando, funika.

3. Kata nyama vipande vyembamba huku ukiikagua kama tulivyoeleza. Ikiwa safi, ikatekate kwa kisu kikali kwenye ubao mpaka iwe laini. Mwenye mashine ya kusagia nyama atumie, lakini baada ya kukagua.

4. Tia chumvi, viungo vyote, kitunguu saumu na siki. Kanda kwa mkono dakika tatu mpaka nyama ishikane. Funika, acha nusu saa mahali pa baridi.

5. Hapa wapishi wengi wana mazoea mabaya. Wanachovya kidole kwenye nyama mbichi na kulamba ili kujua chumvi. Usifanye hivyo kabisa! Chumvi, siki na pilipili haziui mabuu ya tegu kwa nusu saa. Chukua donge dogo kama kifungo cha koti, likaange mpaka liive, kisha lionje. Hapo utajua chumvi bila hatari.

6. Osha mikono, kisu na ubao kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kushika kitu kingine. Ubao wa nyama mbichi usikatie kachumbari.

7. Weka sufuria kwenye moto wa kiasi. Tia nyama, ivunjevunje kwa mwiko. Kaanga dakika kumi hadi kumi na tano. Wekundu wote upotee, na maji yanayotoka yawe meupe, yasiwe na damu. Ipua nyama, acha mafuta sufuriani.

8. Ongeza mafuta ya alizeti au siagi. Kaanga vitunguu, karoti na hoho mpaka vilainike.

9. Changanya nyama, mboga, mkate na giligilani kwenye chombo kikubwa. Piga mayai, yachanganye na supu iliyopoa kidogo, kisha mimina polepole huku ukigeuza. Mkate uwe umelowa lakini usiogelee. Ukibinya kwa mwiko, maji kidogo tu yatoke.

10. Paka mafuta sufuria pana, tia mchanganyiko, sawazisha juu, funika. Weka kwenye jiko la mkaa lenye moto mdogo kwa dakika thelathini. Kisha palia: punguza mkaa wa chini, weka makaa mengine juu ya mfuniko kwa dakika kumi na tano. Juu patakauka na kuwa rangi ya kahawia. Ni njia ile ile ya kuokea mkate wa kumimina.

11. Chota katikati kabisa, mahali penye unene. Pawe pa moto sana, patoe mvuke, na yai liwe limeshika. Kama bado, rudisha jikoni.

Utaona kwamba nyama imeiva mara mbili: kwanza ikikaangwa, pili ikiokwa. Hatukupanga hivyo kwa ajili ya ladha peke yake.

JE, NIUJAZE NDANI YA KUKU?

Wengi wameona picha za kuku au bata mzinga aliyejazwa tumboni. Inapendeza mezani. Lakini sisi tunashauri upike mchanganyiko pembeni. Katikati ya kuku ndipo moto unapofika mwisho. Nyama ya nje huweza kukauka wakati mkate wa ndani bado ni vuguvugu, nao umenyonya damu ya kuku mbichi. Ukitaka lazima kumjaza, tumia mchanganyiko ambao nyama yake imeshakaangwa, ujaze papo hapo unapoanza kupika, usimshindilie, na upime katikati kabla ya kuandaa.

WASIOKULA NGURUWE

Meza ya sikukuu hapa kwetu ina watu wa dini na madhehebu mbalimbali. Jirani Mwislamu au Msabato hali nguruwe, na heshima yake ni kupata chakula chake. Tumia nyama ya ng'ombe yenye mafuta kidogo, au kuku aliyekatwakatwa, kwa viungo vile vile. Kwa nyama isiyo na mafuta ongeza vijiko viwili vya mafuta ya alizeti. Tumia sufuria, mwiko na ubao mbali, na mwambie mgeni wazi kilichomo. Nyama ya ng'ombe nayo iive vizuri, maana ng'ombe ana tegu wa aina yake, ingawa yule haleti mabuu ubongoni mwa binadamu.

CHAKULA KILICHOBAKI

Mchanganyiko wa nyama, mayai na supu huharibika upesi. Usiuache mezani zaidi ya saa mbili eti wageni wengine wako njiani. Waliochelewa wawekewe chao sufuriani, kifunikwe, kipashwe moto mpaka kitoe mvuke. Asiye na jokofu apike kiasi kitakacholiwa siku hiyo. Usikilaze mpaka kesho.

KAZI ILIYO NJE YA JIKO

Mama anaweza kupika kwa uangalifu mwaka mzima, lakini kama nguruwe wa kijiji wanazurura na watu wanakwenda kichakani, ugonjwa utabaki. Kazi hii ni ya watu wote, akina baba wakiwemo:

– Kila nyumba iwe na choo, na kila mtu akitumie, mtoto mdogo pia. Choo kiwe na mlango ili nguruwe asiingie.
– Nguruwe wakae bandani mwaka mzima. Wengine huwafunga wakati wa mahindi tu, kisha huwaachia baada ya mavuno. Tegu hana msimu.
– Mboga za kuliwa mbichi zioshwe kwa maji safi, na maji ya kunywa yachemshwe.
– Ziko dawa za kutibu nguruwe mwenye mabuu. Afisa mifugo ataeleza kipimo, na muda wa kungoja kabla ya kuchinja.

Mfugaji anayefanya hivi hapotezi. Nguruwe aliyekutwa na mabuu hutupwa, na jasho la mwaka mzima linafukiwa shimoni. Nguruwe wa bandani ndiye anayepata mhuri wa mkaguzi, na mwenye mhuri ndiye anayepata bei nzuri sokoni.

MANENO YA KUKUMBUKA

Buu – mdudu mchanga kabla hajawa mkubwa. Wengi: mabuu.
Kupalia – kuweka makaa juu ya mfuniko ili chakula kiive juu na chini.
Shamari – mmea ambao mbegu zake zenye harufu tamu hutiwa katika chakula.
Tegu – mnyoo bapa na mrefu anayekaa kwenye utumbo wa binadamu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini ni bora kununua nyama ya nguruwe ikiwa kipande kuliko iliyosagwa?
2. Mtu asiyekula nguruwe anawezaje kupata mabuu ya tegu kichwani?
3. Nusu kilo ya nyama inatosha watu kumi. Kikundi chenu kina watu 25. Mtahitaji gramu ngapi za nyama, na mikate mingapi?
4. Katika kitongoji chenu, ni nyumba ngapi hazina choo? Ni nguruwe wangapi wanaozurura? Hesabuni, andikeni, kisha pelekeni orodha kwenye mkutano wa kijiji kabla ya sikukuu.